Kwa binamu yangu wa Mombasa, kuhusu ofisi ya Mji Mkongwe

Binamu yangu, assalaam alaykum.

Hongera kwa kazi ya Unguja. Kwa ulivyoelezwa, ofisi yenyewe iko ghorofani, kuta zina unyevu, umeme unakatika, na kiyoyozi ni kimoja kwa chumba kizima. Usiikatae kwa sababu hizo. Mengi yanatengenezeka, ila anza na umeme.

Chaja zako zitafaa: plagi ni zile zile za meno matatu bapa na umeme ni volti 230. Lakini Unguja hupokea umeme kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari. Waya huo ulipoharibika Disemba 2009, kisiwa kilikaa takriban miezi mitatu gizani. Mwaka 2013 ukazinduliwa mwingine mkubwa zaidi, ila umeme kukatika kwa muda na volti kupanda na kushuka bado utakutana nako.

Omba UPS, yaani kisanduku cha betri kinachoshika vifaa umeme ukikatika. Ile ndogo ya kawaida ina betri ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwa hesabu ya karatasini. Ukiichomekea laptopu ya wati 45 na ruta ya wati 10, tarajia dakika 40 hivi, basi. Printa ya leza usiichomeke humo kabisa. Inapopasha moto huvuta mamia ya wati na UPS huzima papo hapo. UPS yenyewe iweke mbali na dirisha la jua, kwa sababu betri hizi hufa haraka kwenye joto.

Umeme ukikatika, zima kiyoyozi. Ukirudi, subiri dakika tano: volti haijatulia, na kompresa ikilazimishwa kuanza gesi ikiwa bado na shinikizo inaweza kuungua. Soketi ikishikika moto, acha kuitumia. Laptopu ya bati ikikutekenya vidole inapochaji, mara nyingi ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, haipo. Aitwe fundi umeme, usizoee.

Sasa kuta. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hunywa maji kisha huyatoa nje taratibu. Wenye nyumba wakiona doa hukimbilia plasta ya saruji na rangi ya mafuta. Ni kosa kubwa, na linaumiza kuona linavyorudiwa: maji hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi, na chumvi huisukuma plasta mpaka ianguke. Kwanza itafutwe maji yanatoka wapi, darini, kwenye mifereji ya mvua, au bomba la kiyoyozi linalomwagia ukutani. Kisha saruji ibanduliwe na ukuta upigwe chokaa. Wakitaka kutoboa ukuta wa nje, waombe kibali kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.

Wewe kwa upande wako, acha upenyo wa sentimita 10 baina ya kabati na ukuta, na mafaili yasikae sakafuni. Wakati wa masika rimu ya karatasi ibaki kwenye bahasha yake. Karatasi iliyonyonya unyevu hukwama kwenye printa. Fungua madirisha asubuhi kiyoyozi kikiwa kimezimwa, kisha funga ndipo uwashe, nyuzi 25 zinatosha. Ukiwasha madirisha yakiwa wazi, unakausha hewa ya mtaa mzima. Kichujio kioshwe kila wiki mbili.

Meza na kiti vibovu havihitaji hela nyingi. Rimu moja ina unene wa sentimita 5 hivi: weka tatu chini ya laptopu, ukingo wa juu wa skrini ukaribie usawa wa macho, na utumie kibodi ya pembeni. Dirisha liwe ubavuni kwako. Khanga iliyokunjwa nyuma ya kiuno inasaidia kweli.

Yasiyo mikononi mwako, mwandikie mwajiri. Kazi si jambo la Muungano, kwa hiyo ushauri wa aliyeko Dar es Salaam au kibali cha kazi cha bara havikufai. Zanzibar ina Sheria yake ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya 2005. Andika tarehe, tatizo, athari yake kwa kazi na unachoomba, soketi ya moto kwanza, kiti mwisho. Ambatanisha picha na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.