Kwa maharusi wa mwaka huu: msifichane madeni

Wanangu mliooa na kuolewa mwaka huu, nawasalimu. Wa Mbagala, wa Tabata, wa Kigamboni, wa Gongo la Mboto, na nyie mliopanga chumba na sebule hapa hapa kwetu Tandika. Msiponijua kwa sura mnanijua kwa kazi. Mimi ni mmoja wa wale mama mnaowaita kwenye kichenpati, wakalishwe mbele, wapewe kanga, waseme maneno mawili matatu ya ndoa kabla muziki haujafunguliwa. Leo ninayo maneno zaidi ya mawili matatu, na sina haja ya muziki.

Wiki iliyopita mvua ya vuli ilishika tangu alfajiri. Uchochoro wetu umejaa maji, watu wanavuka kwa kukanyaga matofali. Ikaja kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ikasimama mlangoni kwa jirani. Wakashuka vijana, na dada mmoja ameshika daftari ndani ya mfuko wa nailoni lisilowe. Wakatoa friji. Wakatoa runinga. Wakatoa godoro ambalo bado halijavuliwa nailoni yake ya dukani. Jiko la gesi lilikuwa na sufuria ya maharage juu, wakaishusha sufuria chini kwenye tope, wakabeba jiko na mtungi wake. Bibi harusi, ambaye Agosti tulimchezea mpaka magoti yakatuuma, amesimama kwenye kizingiti na kanga kichwani, hasemi kitu. Watoto wa mtaa wanarekodi kwa simu. Mumewe akafika na bodaboda, amelowa chapachapa, anauliza: deni gani? Deni la nani? Mke akanyamaza, akanyamaza, halafu akasema neno moja lililonitoa mimi barazani kwangu: "Na lile la ukumbi, wewe uliniambia?"

Basi mtaa mzima ukasikia yaliyofuata, na mimi nayaandika kwa sababu hayakubaki siri tena. Kijana alikopa kumalizia ukumbi na mziki, maana ahadi za kamati zilikuwa nyingi na fedha zilizofika chache. Akawa analipa kimyakimya, mezani anaacha hela ya mboga pungufu, ukimuuliza anasema kazini wamechelewesha mshahara. Mke akaona mume wake anaadhirika, asimwaibishe, akaenda kuchukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ajazie. Sh300,000, rejesho Sh15,000 kila siku kwa siku 30. Pigeni hesabu wenyewe: Sh450,000, nusu ya mkopo imekwenda kwenye riba ndani ya mwezi mmoja. Aliposhindwa wiki ya pili akachukua mwingine alipie wa kwanza. Kila mmoja alimficha mwenzake kwa kumpenda. Ndicho kinachoniuma zaidi. Wangekuwa wanachukiana ningewaacha.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu mtanisingizia kwamba nawakataza wake kuwa na kibubu. Sikatazi. Sisi makungwi tumefundisha tangu zamani kwamba mwanamke asikose kitu chake pembeni, na sheria iko upande wetu: Sheria ya Ndoa ya 1971 inamwachia mke mali yake kuwa yake, kama inavyomwachia mume. Una hisa zako kwenye kikoba, una zamu yako kwa kijumbe, yule anayekusanya fedha za mchezo wa kupeana, hiyo ni yako, mwambie mumeo ukipenda. Akiba unaweza kuificha. Deni usilifiche. Akiba yako ikipotea umepoteza wewe. Deni lako likikushinda wanakuja kubeba godoro analolalia mwenzio, na friji lililochangwa na shangazi zake.

Yule dada wa daftari aliyekuja na kirikuu alikuwa na karatasi ya mkopo, nikaiomba nikaisoma na miwani yangu. Vitu vyote vimeorodheshwa, hadi rangi ya friji, chini pana sahihi ya mke peke yake. Sheria hiyo hiyo ya 1971 inakataza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Lakini wengi wenu hamna nyumba, mmepanga, utajiri wenu wote ni vile vitu vya ndani, na ndivyo wakopeshaji wa mtaani wanavyovitaka, kwa sababu kubeba friji hakuhitaji wakili wala dalali wa mahakama, ni kirikuu tu na vijana wenye nguvu.

Wanaume, msicheke. Nyie mnakopa kwenye simu usiku, mkeo amelala. Unabonyeza kukubali masharti usiyoyasoma, programu inaingia kwenye majina yote uliyohifadhi, ukichelewa siku moja ujumbe unamfikia baba mkwe: mwambie mkwe wako alipe deni la watu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa hadharani orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Sitini na tisa! Ni nani kati yenu aliyeisoma? Kikosi cha Simba na Yanga mnakijua hadi wa akiba.

Hapa nitawageukia na wakubwa kidogo, wasije wakasema bibi anawaonea watoto. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Jambo jema sana. Mwaka 2023 ikasimamishwa kwa sababu ya waliokula fedha na vikundi hewa, mwaka uliofuata ikarudi. Ila mama muuza vitumbua anataka mtaji kesho saa kumi alfajiri, na huko anaambiwa aunde kikundi, aandike katiba, afungue akaunti, asubiri. Kausha damu anamfuata mlangoni na fedha mkononi. Ukimlaumu mama peke yake hujamaliza kazi.

Na kamati za harusi! Hawa ndio wanaonikera mpaka usingizi unapaa. Watu wanakaa vikao kuanzia Mei, wanaandika bajeti ya mamilioni, mapambo peke yake yanazidi kodi ya nyumba ya mwaka, wanagawa kadi za singo na dabo, wanatangaza ahadi kwa kipaza sauti. Siku ya mwisho mwenyekiti anamwita bwana harusi pembeni: mwanangu, pamepungua kidogo, jikaze. Hiyo "jikaze" ndiyo iliyobeba lile godoro. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, nasi tunaichora methali hiyo kwenye kanga na kuivaa tukienda kwenye hizo hizo harusi za kukopa. Ukumbi unaisha saa sita usiku. Keki inaliwa na watu ambao hata jina lako la pili hawalijui.

Nimekaa miaka mingi kwenye vikao vya usuluhishi, maana sheria inataka ugomvi wa ndoa upite kwanza kwenye baraza kabla ya kwenda mahakamani kudai talaka. Wanakuja wamekaa mbalimbali. Mmoja anasema haniheshimu. Mwingine anasema amebadilika, hasemi nami vizuri, simu yake ina namba za siri. Tunawaacha waseme. Ikifika saa ya pili, chai imeshapoa, mtu mmoja anataja fedha, na hapo ndipo kikao kinapoanza. Yule "aliyebadilika" alikuwa anadaiwa. Simu ilifungwa kwa namba za siri kwa sababu ya meseji za marejesho, mwenzake akadhani ni mchepuko. Nimeona talaka ya mchepuko ambao haukuwepo.

Kuna kesi ninayopenda kuwasimulia wari wangu, mabinti ninaowafunda, ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Wengi mnajua nusu yake tu: kwamba mahakama ilikubali kuwa kupika, kufua na kutunza nyumba ni mchango katika mali ya ndoa, na mama wa nyumbani asiambiwe hakuchuma. Ni ushindi mkubwa kwa wanawake wote wa nchi hii, na tuliushangilia. Nusu ya pili hamwambiwi. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, kwa sababu mume alikuwa amempa fedha za nyumba na mahakama ikaona alizitumia ovyo, ikahesabu kwamba fungu lake alishalipata. Kwa hiyo kazi yako ya jikoni inahesabiwa, mwanangu, na fedha ulizopitisha mkononi nazo zinahesabiwa.

Mtaniuliza, tufanyeje? Mimi na mzee wangu, ambaye alikuwa karani bandarini, mwisho wa mwezi tunakaa mkekani. Tulianza tukiwa tumepanga Temeke, chumba kimoja, bati linavuja, ndoo katikati ya chumba. Yeye anaweka bahasha, mimi naweka daftari. Tunaandika pango, unga, mafuta ya taa, ada, deni la duka la Mpemba. Ukurasa wa mwisho ni wa madeni tu, na wa watu tuliowadhamini. Msiusahau huo, maana kumdhamini rafiki ni deni ambalo bado halijakufikia. Tumenuniana sana juu ya huo ukurasa. Kuna mwezi alimdhamini binamu yake bila kunishirikisha, akala wali bila nazi mpaka mwezi ulipoisha. Lakini hakuna aliyewahi kuja mlangoni kwetu na daftari ambalo sisi hatunalo.

Na kwa mliokwisha kukopa mkaficha: sema leo, mvua ikinyesha, wote mko ndani, foleni ya Jangwani imemrudisha mwenzio amechoka. Mpe maji aoge, ale kwanza. Usianze na "nina jambo nataka kukwambia", utamtia homa bure. Taja kiasi, taja unayemdai na anayekudai, weka simu mezani. Mficha uchi hazai, mmeisikia tangu utotoni. Na wewe unayeambiwa, zuia ulimi wako usiku huo mmoja tu. Lia ukitaka, toka nje ukahesabu embe za jirani, rudi. Kumpigia mama yako simu saa hiyo hiyo ni kosa kubwa kuliko mkopo.

Mengine ya ndoa nitayataja tu, mnayajua. Salimianeni asubuhi kabla ya kushika simu. Mama mkwe atembelewe akiwa mzima. Ugomvi wenu usipandishwe sitetasi. Kupiga mke ni marufuku, sheria imesema tangu 1971, na mimi nilisema kabla yake. Mwanamume ajue bei ya nyanya. Vuli hii akichelewa kwa sababu Msimbazi umefurika na mwendokasi umesimama, mpigie umuulize yuko salama, usimuulize yuko na nani. Vyandarua vishusheni mapema, madimbwi yamejaa. Embe dodo ni rahisi sasa, nunueni, kaeni mlangoni mle pamoja mpaka mkono uchuruzike, hamna kiingilio na hamhitaji kamati.

Kadi za Desemba zimeshaanza kuniingia. Wazazi wenzangu na wenyeviti, nitachanga nilichonacho siku hiyo, ahadi sitoi, na nitauliza kama bajeti imepungua kabla ya siku ya ukumbi, nikiwa nimesimama, watu wakisikia. Na maharusi nitakaoletewa mwezi huu, kila mmoja aje na simu yake na karatasi zake. Tutasoma madeni kwanza, ngoma baadaye. Asiyetaka atafute kungwi mwingine. Temeke wako wengi, na wanavaa vizuri kuliko mimi.

Ni mimi mama yenu,
Tandika, Dar es Salaam