Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka: mahakama ya Kapenguria ilikuwa darasa

Wazee wetu, wanachama wenzangu,

Asanteni kwa kufika licha ya baridi ya leo. Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina baada yangu, na kumbukumbu za mikutano anazo katibu, kwa hiyo huko sitagusa. Ninalo jambo moja ambalo limenikaa rohoni tangu muhula wa pili.

Tulikuwa tumewapokea wanafunzi wa gredi ya sita kwenye jumba letu la makumbusho hapa Kapenguria, tukawapitisha kwenye seli walimofungiwa wale sita, Jomo Kenyatta na wenzake watano, walioshtakiwa na serikali ya mkoloni. Msichana mmoja alisimama katikati ya seli, akanyoosha mikono kupima upana wake, kisha akauliza, "Na hakimu alikaa wapi?" Mmoja wetu aliyekuwa akiwaongoza akamjibu, "Hapa hapa." Mimi nilikuwapo, nikanyamaza. Jibu lile halikuwa sahihi, na sikupaswa kunyamaza.

Hakimu hakukaa pale. Zile seli ni za jela ya mkoloni, na ndizo zilizofanywa makumbusho mwaka 1993. Kesi yenyewe ilisikilizwa katika darasa la shule, kwa sababu Kapenguria ya mwaka 1952 haikuwa na jengo la mahakama la kubeba kesi ya namna ile. Ilikuwa makao ya wilaya ya West Suk, yaani Pokot Magharibi ya leo, eneo lililofungwa ambalo mgeni hakuingia bila kibali. Hoteli hakuna, simu hakuna. Mawakili walilala Kitale na kupanda huku kila siku, kilomita 40 hivi za barabara ya vumbi.

Serikali haikupakosea mahali. Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na usiku huo huo wakakamatwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko. Kuwashtaki Nairobi kungejaza barabara watu. Ndiyo maana wakaletwa kwetu, mbali na umati, wakashtakiwa kwamba waliongoza Mau Mau, harakati ya siri iliyopigana na utawala wa mkoloni. Kesi ikaanza kusikilizwa mapema Desemba.

Hebu lifikirieni darasa lile. Hakimu ni Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa ajili ya kesi hii, bila baraza la wazee wa mahakama wala jopo lolote kando yake. Watafiti walikuja kuonyesha kwamba alilipwa pauni 20,000. Upande wa utetezi yupo D. N. Pritt kutoka London, na pamoja naye A. R. Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh, Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa wakili Moshi, H. O. Davies kutoka Nigeria; na Chaman Lall kutoka India. Sijui chumba kingine cha shule katika nchi hii kilichowahi kukusanya watu wa pande nyingi hivyo za dunia. Mkalimani wa mwanzo alikuwa Louis Leakey, mtoto wa wamisionari aliyelelewa miongoni mwa Wakikuyu, na mpinzani wa Mau Mau asiyejificha. Pritt alimpinga mpaka akajiondoa. Naona Pritt alikuwa na haki: mtu anayetafsiri maneno ya mshtakiwa hawezi kuwa upande mmoja na wanaomshtaki.

Humo ndimo aliposimama Rawson Macharia akasema alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo cha Mau Mau mwaka 1950. Mwaka 1958 Macharia akaandika hati ya kiapo kwamba alidanganya, na kwamba aliahidiwa masomo Uingereza. Serikali ikamfunga, lakini kwa kosa la kuandika hati ya uongo. Kwa ule ushahidi wa Kapenguria hakuguswa.

Hukumu ilitoka tarehe 8 Aprili 1953: miaka saba na kazi ngumu. Kisha likatokea jambo ambalo kila mwanachama anayeongoza wageni inafaa alijue. Mawakili wa utetezi walionyesha kwamba Thacker aliteuliwa kuwa hakimu wa Jimbo la Kaskazini, ilhali Kapenguria ilikuwa ndani ya Jimbo la Bonde la Ufa. Mahakama Kuu ya koloni ikakubali kwamba hakuwa na mamlaka ya kuketi katika darasa lile, na hukumu ikafutwa. Furaha haikudumu. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliirudisha mwaka huo huo. Januari 1954 Oneko peke yake alishinda rufaa, na hata hivyo hakuachiliwa, akaendelea kushikiliwa kizuizini. Wenzake walitumikia kifungo Lokitaung, kule Turkana.

Kwa hiyo tukimwambia mtoto kwamba hakimu alikaa ndani ya seli, tunamnyima kisa chenyewe. Seli inamwonyesha jinsi watu sita walivyoteseka. Darasa linamwonyesha jinsi sheria ilivyobebwa kutoka Nairobi ikatuliwa mahali ambapo hakimu wake hakuwa na idhini ya kuketi, ikatoa hukumu iliyokwisha kulipiwa. Haya ni mambo mawili, na mimi nataka atoke hapa anayo yote mawili.

Kamati inaleta maombi matatu. Wanaoongoza wageni wakutane siku moja kabla ya muhula mpya, tusome pamoja mwenendo wa kesi. Pili, tuuombe uongozi wa makumbusho uweke ubao mlangoni unaoeleza waziwazi kwamba hapa ni jela, na kwamba kesi ilisikilizwa shuleni. La tatu naliona la haraka kuliko yote: wazee waliokuwa watoto hapa mwaka ule wanazidi kupungua. Aliye na babu au nyanya aliyeyaona magari ya mawakili yakipanda kutoka Kitale, amwambie katibu leo kabla hatujaachana. Tutamfuata nyumbani kwake na kinasa sauti.

Yule msichana nimempelekea barua kupitia kwa mwalimu wake, nimemweleza hakimu alikaa wapi.