Barua kwa Mama kuhusu kuanzishiwa uchungu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Baada ya salamu kwako, kwa Baba na kwa jamaa wote wa Mkomani, nakuarifu kwamba nimekubali kuanzishiwa uchungu wiki ya 38 itakapotimia, kwa sababu ya maradhi ya ini ya ujauzito yanayoniwasha mwili, na nimependa ulisikie kwangu kabla Shangazi hajalifikisha mtaa wa Langoni kwa namna yake.

Ujumbe wake wa sauti umeniumiza. Kunambia mbele ya ukoo mzima kwamba nimeiga haraka za Wazungu hata mtoto sitaki kumngoja, halikuwa neno la kumwambia mja mzito asiyepata usingizi. Muwasho huu si wa joto wala wa ngozi, ndiyo maana liwa uliyoniletea imenukia vizuri lakini haikunipoza. Huanza viganjani na nyayoni, huzidi usiku, wala hauna upele, kwa sababu nyongo haitoki vizuri kwenye ini na asidi zake hubaki katika damu. Zangu zimefika maikromoli 58 kwa lita. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa hapa Uingereza, wa mwaka 2022, unamshauri mwenye kati ya 40 na 99 azalishwe wiki ya 38 au ya 39, na aliyefika 100 azalishwe wiki ya 35 au ya 36, kwani hapo ndipo hatari ya mtoto kufia tumboni inapopanda sana.

Shangazi asema mtoto anacheza. Anacheza kweli, alhamdulillahi, lakini kipimo cha mapigo ya moyo huonyesha hali yake ya saa ile, hakitabiri ya kesho. Nilimhoji daktari bingwa mwenyewe kwa Kiingereza, bila mkalimani, hata akaniuliza kama nimesomea uuguzi. Hakunificha kwamba kwa kiwango changu hatari ni ya watoto wapatao 3 katika kila 1,000, karibu sawa na mimba nyingine, na kwamba dawa ya ukeni na dripu za kuanzisha uchungu huweza kuchukua zaidi ya siku nzima. Lakini asidi hizo hupanda baina ya kipimo na kipimo, nami siwezi kungoja nikihesabu.

Linalonitoa machozi ni arubaini bila mikono yako, bila kukandwa wala uji wako wa pilipili manga.

Fedha za jikoni zitakuja mwezi ukiandama. Mdogo wangu naye akishika mimba na viganja vikamuwasha, apimwe ini upesi, kwani maradhi haya hufuata damu. Nipe radhi zako kabla ya siku hiyo, na umwombe Baba azungumze na dada yake.

Mwanao akupendaye