Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati nawasilisha taarifa ya mwaka huu, ambao sehemu yake kubwa tuliitumia kujadili imani ya Kikristo na sheria ya maadili.

Tulianza na sura ya 2 ya Waraka kwa Warumi, pale Paulo anaposema kwamba watu wa mataifa, wasio na torati, huonyesha kazi ya torati iliyoandikwa mioyoni mwao. Kisha tukamsoma Thoma wa Akwino, mtawa Mdominiko wa karne ya 13, aliyefundisha kwamba agizo la kwanza la sheria ya asili, yaani ile ambayo akili ya kila mtu huweza kuitambua yenyewe, ni kutenda mema na kuepuka mabaya. Wapo walioona hoja hiyo yatosha kumfikisha mtu kwenye imani. Sikukubaliana nao: anayekiri kwamba kuua ni kosa bado hajakiri kwamba Kristo alifufuka.

Kikao kilichotuchelewesha kuliko vyote, hata mlinzi akaja kutukumbusha saa, kilihusu Waraka kwa Filemoni. Paulo anamrudisha Onesimo kwa bwana wake, akiomba apokewe si kama mtumwa tena bali kama ndugu mpendwa, wala hatamki popote kwamba utumwa ni haramu. Mwanachama mmoja akauliza: kama sheria imeandikwa mioyoni, mbona Wakristo walimiliki watumwa kwa karne nyingi na dhamiri zao zikatulia? Mwenzake akataja Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Zanzibar, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, akisema waliolijenga waliusoma waraka uleule. Jibu zuri, ila halielezi dhamiri za wale wa kwanza zilipotoshwa na nini. Thoma aliliona tatizo hilo mapema: alitaja Wajerumani wa kale, ambao kwa maelezo ya Julius Caesar hawakuuona wizi kuwa kosa, akakubali kwamba mazoea mabaya yaweza kufifisha hukumu ya akili. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mjadala wetu ulipokomaa, ingawa haukuisha.

Kuhusu fedha, mhazini atasoma hesabu zake. Itoshe kusema kwamba fotokopi ndizo zilizokula ada zetu.

Kwa mwaka ujao, kamati inapendekeza tuanze na barua ambayo Martin Luther King aliiandika gerezani Birmingham, Marekani, mwaka 1963, kwa kuwa humo anamtegemea Thoma huyohuyo kupambanua sheria ya haki na isiyo ya haki. Mkutano ukiridhia, nakala zitaandaliwa kabla ya kikao cha kwanza.