Barua kwa mwanangu anayekwenda Bahi

Ipagala, Dodoma

Mwanangu mpenzi,

Hapa nyumbani hatujambo, ila jua la Novemba mwaka huu halina huruma na mvua bado hatujaiona. Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara mbili. Umeuliza kwa mstari mmoja tu: "Baba, nikifika Bahi wakaniwekea kambare, nitasema nini?" Ningeweza kukupigia simu, lakini nakufahamu, ungeniambia "sawa baba" kabla sijafika katikati ya jambo lenyewe. Kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu, ili uyasome haya ukiwa umetulia kabla ya Jumatatu.

Niruhusu kwanza nicheke. Mjukuu wa wavuvi wa Pangani, asiyestahimili harufu ya samaki! Babu yako angekuwa hai angeitisha kikao cha ukoo. Hata hivyo swali lako si la mzaha, kwa sababu utakaa miezi miwili katika nyumba ya watu usiowajua, na kule kwenye bwawa la Bahi kambare na perege si chakula cha sikukuu bali ni mboga ya kawaida. Nakuandikia pia kwa sababu ya jambo lililotokea Agosti, tulipokwenda Mvumi kwa mjomba wako, ambalo siku ile nililinyamazia nikidhani mama yako atasema, naye akalinyamazia akidhani nitasema mimi.

Unakumbuka kwamba mkaza mjomba wako alileta ugali wa uwele na bakuli la mlenda. Ulilitazama lile bakuli, ukavuta pumzi, ukasema, "Mimi hii sili, naomba hata mkate na chai." Hukusema kwa ubaya, najua. Lakini mimi nilikuwa nimekaa upande wa mlangoni, na niliyekuwa namwona usoni ni yeye. Hakununa wala hakusema neno. Alifuta mikono kwenye kanga yake, akaifuta tena, ilhali mikono yenyewe ilikuwa mikavu, kisha akamtuma mtoto dukani kununua mkate. Wewe uliendelea kuzungumza na binamu zako, na chai ilipokuja ukanywa ukashukuru.

Sasa nikwambie kilichokuwa ndani ya bakuli lile. Mvua za huku ni za msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili hivi, na majani ya mlenda huchumwa katika miezi hiyo, yakaanikwa juani, yakatwangwa na kuwekwa akiba. Mwezi wa Agosti hakuna jani bichi porini, kwa hiyo unga ule uliokorogwa kwenye maji ya magadi na kutiwa karanga zilizotwangwa ulikuwa umechumwa na mikono ileile uliyoiona ikifutwa, miezi minne au mitano kabla yake. Nao uwele haulimwi kwa sababu watu hawaujui mchele. Hulimwa kwa sababu huvumilia ukame pale ambapo mahindi hukauka yakiwa yamefika magotini. Ukoo wa mama yako una kumbukumbu ndefu juu ya mambo haya. Wagogo huzitaja njaa kubwa kwa majina, na ile ya kati ya mwaka 1917 na 1920 waliiita Mtunya: majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamepita huku katika Vita vya Kwanza vya Dunia yakichukua nafaka, ng'ombe na watu wa kubeba mizigo, kisha mvua zikakosa, na watu wengi mno wakafa. Sikutajii Mtunya ili kukutisha uumalize mlenda. Nataka ujue tu kwamba katika nyumba kama ile sahani haitazamwi kwa macho ya mtu aliyekaa hotelini anayechagua.

Nikirudi kwenye swali lako, jibu langu la kwanza ni la mwalimu wa Kiswahili, nawe utanisamehe. Usiseme "sipendi", sema "sijazoea". "Sipendi" ni hukumu iliyokwisha kutolewa, na mwenye chakula hana pa kukata rufaa. Lakini ile -ja- iliyo ndani ya "sijazoea" hukanusha huku ikiacha mlango wazi, na ndiyo maana hata mzee wa miaka 70 ambaye hajawahi kuwa na mke, akiulizwa, hujibu "sijaoa", na hakuna anayemcheka. Ukisema "Mama, kambare sijamzoea, naomba unianzishie kidogo", umesema ukweli mtupu, hujamkosea mtu, na umempa mwenyeji wako kazi ambayo wenyeji wote huipenda, yaani kumfundisha mgeni. Umeliona lile neno "unianzishie"? Hilo nalo lina manufaa yake, maana linaeleza kwa nini kipande ni kidogo bila kukilaumu kipande.

Jambo la pili ni la mikono, na hapa ndipo vijana wengi waliokulia mjini huharibu. Punguza kabla hujagusa. Katika nyumba nyingi huku kwetu chakula kinachobaki kwa mgeni hakitupwi; kuna watoto jikoni wanaokisubiri, na wakati mwingine kuna mama ambaye hajala kabisa kwa sababu amekupisha wewe. Sahani uliyoichokonoa kwa vidole, ukampindua samaki upande huu na huu, ukamega hapa na pale ukitafuta pasipo na harufu, haiwezi kuliwa na mwingine bila kinyaa. Basi mara tu baada ya kunawa, kabla kidole chako hakijafika kwenye mboga, inua macho useme, "Naomba unipunguzie, nisije nikabakiza." Hakuna atakayechukia. Ila ikiwa mnakula pamoja kwenye sinia moja mambo huwa mepesi zaidi, kwa kuwa hakuna anayehesabu matonge ya mwenzake. Kula ugali upande wako, gusa mboga kwa tonge dogo, na uzungumze. Mgeni anayezungumza vizuri huonekana amekula sana.

Usinuse. Usikunje uso, wala usinywe maji baada ya kila tonge kama mtu anayemeza vidonge, kwa maana mwenye kupika hutazama uso wa mlaji kabla ya kutazama sahani.

Sasa nifike kwenye kosa la upande wa pili, ambalo nalifahamu kuliko wewe kwa sababu nililifanya mimi mwenyewe. Mwaka 1999 nilikwenda kwa mara ya kwanza kwa wakwe zangu, kijana wa pwani aliyekuwa hajatimiza miaka 2 tangu ahamishiwe huku kufundisha, nikiwa nimejifunza kusema "mbukwenyi" na maneno mengine machache ya Kigogo, na hakuna zaidi. Nilikaa na mashemeji zangu chini ya mti, na bibi yako, kama ilivyo heshima ya mkwe, alibaki mbali, mlangoni mwa jiko. Ukaja ugali na mlenda. Sijui nikuelezeeje. Nilitia tonge, nikalivuta, na mlenda ukanifuata kama uzi kutoka bakulini hadi kidevuni. Sikujua kwamba inabidi uzungushe mkono kidogo ili uzi ukatike. Kwa aibu niliamua kumaliza haraka ili mateso yaishe. Nilimeza bila kutafuna, bakuli likabaki jeupe, na bibi yako, ambaye kutoka pale alipokuwa aliona bakuli tu wala hakuuona uso wangu, akaleta la pili limejaa. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikatamka kwa sauti, "Mama, sijapata kula mboga tamu kama hii."

Mwanangu, sentensi ile ilinigharimu miaka 9. Kila nilipokwenda kwao nilipikiwa mlenda, na kila bibi yako alipokuja mjini alifungua pindo la kanga akatoa kifurushi cha unga wake mkavu, akisema, "Huu ni wa mkwe wangu." Mama yako alikuwa akiingia jikoni kucheka. Nilijaribu kusema kwamba tumbo linanisumbua, nikaletewa mlenda mwepesi zaidi eti ndio dawa ya tumbo. Kilichoniuma hasa si ladha. Ni kwamba mwanamke yule alikuwa akijinyima akiba yake ya kiangazi kwa ajili ya sifa niliyoitoa kwa woga.

Na namna nilivyotoka ndiyo ninayotaka uichukue. Sikukiri uongo wangu, maana wakati ule kukiri kungemdhalilisha yeye kuliko mimi. Siku moja ya mwaka 2008, tulipofika tu na kabla moto haujawashwa, nilimwamkia kisha nikamwomba: "Mama, leo naomba yale maziwa yako ya mgando yaliyo kwenye kibuyu. Hakuna kitu cha hapa nyumbani ninachokipenda kama yale." Na hilo lilikuwa kweli, yale maziwa yenye harufu ya moshi wa kibuyu nayapenda hata leo. Alinitazama kidogo, akasema, "Kumbe! Si ungesema siku zote?" Maziwa yakaletwa. Kuanzia hapo mlenda uliendelea kuwekwa pale kwa wote, ila hakuna aliyenihimiza tena, na vile vifurushi vya kwenye kanga vikawa vya mama yako. Kwa hiyo usihangaike kutafuta namna ya kukataa kile usichokitaka. Kitafute kitu kimoja katika nyumba ile unachokipenda kweli, hata kikiwa chai ya rangi au wali mtupu (Bahi wanalima mpunga mzuri), kisha usifu hicho mapema, kwa jina, na kwa ukweli. Mwenyeji atakishika.

Kuhusu kusifu kile kilichokushinda, nimebadilika kwa umri. Zamani nilidhani adabu ni kusifu tu. Kwetu tumefundishwa, kama ilivyopokewa kutoka kwa Abu Huraira, kwamba Mtume hakupata kukitia chakula ila hata mara moja. Akikitamani alikula, asipokipenda alikiacha. Mama yako naye hunikumbusha kwamba katika Injili ya Luka wanafunzi wanaambiwa wale watakachowekewa katika mji utakaowakaribisha. Wewe umelelewa kati ya haya mawili, na sidhani yanagombana: onja, na kinachokushinda kiache kimyakimya. Hakuna palipoamriwa useme "tamu sana".

Watakutania, hilo nalo ulitarajie. Atatokea mtu wa makamo aseme, "Aa, watoto wa mjini hawali chakula chetu cha kishamba." Usijitetee wala usianze kueleza. Cheka naye, mwambie, "Nipe wiki mbili, mzee, utanitafuta nimeshamaliza sufuria," kisha uongeze tonge moja mbele ya macho yake.

Yote haya ni kwa chakula usichokipenda tu. Chakula kinachokudhuru au ulichokatazwa na dini yako kina hukumu nyingine, na hapo sitaki uone haya hata kidogo. Unajua mdogo wako hali karanga, na unajua jinsi midomo ilivyomvimba siku ile. Yeye akienda mahali lazima aseme siku anayofika, kabla chungu hakijatelekwa, kwamba karanga humdhuru, kwa sababu huku karanga hutiwa katika mboga nyingi na kwa macho huzioni. Kuonja kwa heshima hakumhusu. Nawe nyama usiyoijua chanzo chake, uliza kwa upole ungali hujanawa. Hakuna mwenyeji anayeudhika kwa jambo aliloambiwa mapema. Anayeudhika ni yule aliyekwisha kuchinja.

Basi kambare. Akiwa amekaushwa kwa moshi, harufu yake iko zaidi kwenye ngozi na kichwa. Omba kipande cha mkiani, kiwe kidogo, ukibandue ngozi kwa utulivu na kuiweka pembeni kama watu wote wafanyavyo na miiba, kisha umege nyama pamoja na ugali mwingi na mchuzi kidogo. Jioni ya kwanza vitatosha vipande viwili vya ukubwa wa kidole gumba. Baada ya chakula mshukuru aliyepika mwenyewe, si baba mwenye nyumba peke yake, usimame ukusanye vyombo kabla hujaombwa, na uingie jikoni. Ukiwa kule jikoni muulize anavyompika. Huenda ukapata nafasi ya kutia ndimu kwa mkono wako mwenyewe, na ndimu kwa kambare ni jambo ambalo hata babu yako wa Pangani asingelipinga.

Mvumi tutakwenda tena Krismasi. Sitaki uombe radhi kwa maneno mengi, kwa sababu mkaza mjomba wako ataona haya kuliko wewe. Fika mapema, kaa naye jikoni, na umwambie akuanzishie kidogo.

Mama yako amekufungia sukari kilo mbili, majani ya chai na sabuni za mche kwa ajili ya wenyeji wako. Ametia pia kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa, ambacho nimekinusa na kukitambua. Ukimkabidhi mama wa nyumba hiyo, tafadhali mwambie kimetoka kwa mama.

Ni mimi baba yako.