Kozi ya dharura za mionzi ianze na mgonjwa

Mhariri,

Kozi za mtandaoni za kukabili dharura za mionzi ni jambo jema: tabibu wa Kibondo au Tunduru anajifunza kwa simu bila kuacha zamu. Tatizo ni pale zinapoanzia. Kurasa za mwanzo ni aina za mionzi, yaani alfa, beta na gama, kisha mlipuko wa kinu cha nyuklia. Hapa kwetu hakuna kinu cha umeme wa nyuklia. Tunachopaswa kukihofia zaidi ni chanzo cha mionzi kilichopotea au kuibwa, cha mashine ya zamani ya saratani au cha kukagulia mabomba, kikaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Ndivyo ilivyokuwa Goiânia, Brazil, Septemba 1987. Waliogusa sesiamu-137, unga wenye mionzi uliotoka kwenye mashine ya saratani, walitapika na kuungua ngozi, na mwanzoni wakadhaniwa wana mzio au maradhi ya nchi za joto. Mionzi ilipothibitishwa tarehe 29, unga ule ulikuwa umeshagawanywa majumbani. Watu 249 walikutwa na uchafuzi, yaani unga wenye mionzi kwenye ngozi au ndani ya mwili, 4 wakafariki. Samut Prakan, Thailand, mwaka 2000, madaktari ndio waliounganisha mikono iliyoungua, nywele kunyonyoka na chembe nyeupe za damu kushuka kwa watu waliokuwa karibu na chuma kilekile, wakaiarifu mamlaka ya mionzi. Watatu walikufa, lakini kobalti yenye mionzi iliyotoka kwenye chuma hicho ilipatikana siku chache baadaye.

Somo la kwanza, basi, liwe jeraha la kuungua ambalo mgonjwa hakumbuki moto, maji ya moto wala kemikali, na ambalo huenda likajitokeza siku kadhaa baadaye. Aulizwe anafanya kazi gani, ameokota nini, nani mwingine anaumwa nyumbani. Kama ametapika, iandikwe saa kamili, maana kutapika ndani ya saa moja tangu apigwe na mionzi huashiria dozi kubwa. FBP (kipimo cha kuhesabu chembe za damu) ichukuliwe mara moja na kurudiwa kila saa 6 kwa siku mbili. Hapa wengi hupotea: jumla ya chembe nyeupe inaweza kupanda mwanzoni ikampa tabibu matumaini yasiyo na msingi. Kinachotazamwa ni limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe, na jinsi zinavyoshuka kutoka kipimo kimoja hadi kingine.

Hofu ya wahudumu nayo inaua. Aliyepigwa na mionzi kutoka nje, bila unga mwilini, hatoi mionzi. Hata mwenye uchafuzi, damu inayovuja na njia ya hewa hushughulikiwa kwanza. Nguo zikatwe kuanzia kichwani kwenda miguuni, zikunjwe upande wa nje ukiwa ndani, zifungwe kwenye mfuko wenye lebo; hilo peke yake huweza kuondoa hadi asilimia 90 ya uchafuzi wa nje. Kisha vidonda visafishwe na kufunikwa, ndipo ngozi ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni bila kusugua kwa nguvu, kwani ngozi iliyochubuka hupitisha uchafu mwilini. Aproni ya madini ya risasi ya chumba cha eksirei haifai kitu mbele ya gama ya sesiamu au kobalti. Inamchosha tu muuguzi. Vidonge vya iodini vinakinga tezi ya shingoni (thairoidi) dhidi ya iodini yenye mionzi tu, basi.

Kipima mionzi, hata hivyo, hakifundishiki kwa video. Betri ikaguliwe, kiwango cha mionzi ya mazingira kisomwe na kuandikwa kabla mgonjwa hajaingia, kisha kichwa cha kipima kipitishwe kama sentimita 2 kutoka kwenye ngozi, taratibu, sentimita 2 hadi 5 kwa sekunde. Ukiharakisha, unapita juu ya uchafu na kusema ni safi. Ukigusa ngozi, kichwa chenyewe kinachafuka, na kila anayefuata anaonekana mchafu.

Tunaiomba Wizara ya Afya na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania: cheti kisitolewe kwa maswali ya kuchagua jibu peke yake. Kiambatane na nusu siku katika hospitali ya rufaa ya mkoa, chini ya mtaalamu wa kinga ya mionzi, kila mshiriki akitafuta chanzo hafifu cha majaribio kilichofichwa kwenye nguo za mwanasesere. Masomo yawe ya Kiswahili, yapakulike na kusomeka bila intaneti, na ukurasa wa kwanza uwe na namba ya simu ya Tume inayopokelewa usiku na mchana.

Wataalamu wa kinga ya mionzi,
Dar es Salaam