Mwanangu, damu kukatika si kupona

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Huku Pemba sote hatujambo. Bibi yako anakusalimu na anauliza utakuja lini.

Dada yako ameniambia. Usimgombeze, mimi ndiye niliyembana mpaka akasema. Nimesikia ulikojoa damu, ukaona haya, ukaenda duka la dawa ukauziwa vidonge vya kisonono, na damu ilipokatika ukajihesabu mzima. Mimi nimekaa maabara tangu hujazaliwa, na mkojo wa watu ndio uliokulipia ada. Haya ya nini kwangu?

Kichocho ndiyo tabia yake: leo mkojo mwekundu, wiki ijayo safi, na minyoo imo bado. Wewe umekulia mtoni. Mkitoka chuoni mlipitia bondeni kuoga, na konokono wanaobeba ugonjwa huu wamo katika maji yale yale. Minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu na inaweza kuishi humo miaka, kwa hiyo kuhamia Dar es Salaam hakukuitoa. Vidonge vya shuleni ulimeza, najua. Lakini dawa ile haizuii kuambukizwa upya, nanyi mlirudi majini kesho yake.

Yai lake nimeliona mara nyingi kwenye hadubini: refu kidogo, na mwiba mmoja mwishoni. Hayo ndiyo yanayotoboa ukuta wa kibofu hadi damu itoke. Mengine hunasa humo humo. Yakiachwa miaka, kibofu hukakamaa, mirija ya figo huziba, na wapo wanaoishia na saratani ya kibofu.

Sasa nisikilize, maana hapa wengi huambiwa hawana na kumbe wanacho. Usipeleke mkojo wa alfajiri. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Tembea kwanza, panda ngazi za hapo hospitali kama zipo, kisha ukojoe, na matone ya mwisho yaingie kikoponi, kwa sababu damu ya kichocho aghalabu huja mwishoni. Mpimaji atachuja mililita 10 atafute mayai. Mwambie umekulia Pemba, asipoambiwa huenda asiwaze kichocho kabisa. Yakionekana, utapewa prazikwanteli kwa uzito: kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, yaani kwa kilo zako 60 ni vidonge 4 vya miligramu 600. Kula kwanza ushibe. Kizunguzungu na tumbo kusokota visikutishe, hupita.

Yasipoonekana, usiondoke na furaha. Damu imetoka mahali. Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, huenda ni mawe kwenye figo. Omba daktari aendelee kutafuta, ikibidi kwa ultrasaundi. (Yule jirani yetu aliyekuwa kwenye dawa za TB alikuja mbio kwangu, kumbe ni rifampisini tu iliyogeuza mkojo wake rangi ya chungwa.) Ila ukitoa mabonge ya damu, mkojo ukigoma kutoka, ukishikwa na homa pamoja na maumivu ya ubavuni, au uso ukivimba na mkojo ukawa na rangi ya soda ya kola, nenda siku hiyo hiyo, hata usiku.

Mjomba wako nimemwambia lake: mtu wa umri wake, tena mvuta sigara, akiona damu mara moja tu, hata bila maumivu, hana ruhusa ya kusubiri.

Na dada yako naye akapime. Kwa wanawake mayai hayo hufika hadi kwenye mlango wa kizazi, yakaleta uchafu na damu, na wengi hutibiwa magonjwa ya zinaa ambayo hawana. Nimeona mabinti wakiachwa na waume zao kwa sababu hiyo, jambo linaloniuma mpaka leo.

Nenda Jumatatu, mchana. Baba yako sijamwambia. Ukipata majibu utamwambia mwenyewe.

Mama yako